Masinde Hakuitwa

Milcah alikuwa akisuuza sare za shule bombani Kigen alipoingia kwenye ploti, kofia mkononi.

"Mama Travis, ile mashini imeanza tena."

Alijua ni ipi. Ile kuukuu ya kuchonga vyuma katika karakana ya Hardeep, iliyomnasa mumewe, Masinde, kwa mkono wa koti ikamvuta hadi kufa. Siku hiyo hiyo bodi ya umeme ya mashini iliungua, na Kigen, fundi wa elektroniki, ndiye aliyeitwa kuibadilisha.

"Si uliweka bodi mpya?"

"Bodi mpya, waya mpya. Leo nimekata stima ukutani na bado inazunguka." Akashusha sauti. "Inasimama kidogo, kama mtu anapima chuma kwa kidole, halafu inaendelea. Hapo kazini ni Masinde tu alikuwa anafanya hivyo."

Milcah alikamua shati, akalianika, kisha akampigia mama mkwe, Nakhumicha, huko Bungoma, akamweleza.

"Tulikosea," mama mkwe alisema. "Mwili ulitoka mochari ukaja nyumbani moja kwa moja. Hakuna aliyepitia alipofia kumwita, roho yake ifuate mwili. Enda umwite, upande gari naye leo mpaka kaburini. Usimpitishe kwako, mwanangu. Akiingia hapo, hatatoka."

Wafanyakazi walikuwa wamesimama nje ya karakana. Milcah aliingia peke yake, na harufu ya oili moto na nguo iliyoungua ikampokea, na mashini ilikuwa inazunguka bila chuma mdomoni, taa zote za bodi zimezimika, ikipunguza mwendo kadiri alivyosogea, kama mtu aliyetambua nyayo za mkewe.

"Masinde. Baba Travis. Kazi imeisha, twende."

Mashini ikasimama. Baridi ikamshika kiwiko, vile Masinde alivyozoea kumshika wakivuka barabara.

Stendi, makanga alikuwa akiita abiria wa Bungoma. Milcah alisimama hadi gari likajaa, likaondoka.

"Kesho," alinong'ona. "Kwanza uwaone watoto."

Jioni alipakua ugali na sukuma.

"Mami, mbona sahani nne?" Shantel aliuliza.

"Kula."

Travis aliacha kutafuna. Mto wa kiti cha karibu na mlango ulikuwa ukididimia polepole, na kwenye sahani ya nne tonge likamegeka lenyewe.

Milcah aliwahesabu kwa macho: Travis, Shantel, yeye, na baba yao.

"Tuko wote," alisema, akainuka kufunga komeo.