Barakoa za Wageni

Maiti ilikuwa imelazwa chali kando ya tangi la chokaa, miguu ikielekea mlangoni. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini hivi, muoshaji wa matangi katika kiwanda cha ngozi za viatu. Wenzake walimwita Dada Mkubwa. Usoni alikuwa na barakoa ya gesi, mpya kabisa, yenye vichujio viwili vya mviringo mashavuni.

Inspekta alipiga magoti. Kwa dakika nzima hakugusa kitu.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, Afande," alijibu msimamizi wa zamu, shati limemganda kwa jasho. "Saa moja asubuhi. Nadhani ni presha. Kinga alikuwa nayo, si unaiona mwenyewe?"

"Naiona."

Inspekta alivaa glavu, akapitisha ukucha ukingoni mwa kichujio cha kulia. Nailoni nyembamba ikabanduka. Cha kushoto nacho kilikuwa vilevile. Vyote viwili vilikuwa vimezibwa tangu vilipotengenezwa. Hakuna ambaye angeweza kuvuta pumzi ndani ya barakoa ile, seuze kuosha tangi.

"Piga picha," alimwambia sajini.

Msimamizi aliikodolea macho ile nailoni. Inspekta aliuona mtazamo huo akauweka akilini. Haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu anayejifunza jambo.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alimkuta mdogo wake marehemu, naye muoshaji, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Pole, mdogo wangu. Barakoa hizi mnapewa lini?"

"Zile? Zile za wageni, Afande. Kama vyombo vya kabatini. Wakija wakaguzi wa mnunuzi tunaning'iniziwa shingoni, tunapigwa picha, tunazirudisha. Puani hazijawahi kufika."

"Dada yako alishuka na nini?"

"Kitambaa. Kama mimi."

"Ufunguo wa kabati?"

"Kiunoni kwa shemeji."

"Shemeji gani?"

"Msimamizi. Tunamwita hivyo kumlainisha." Akapangusa pua kwa kiganja. "Hajalainika. Wakaguzi wanakuja leo saa nane, na tangi la pili bado chafu. Kaniambia nishuke mkishaondoka. Nikikataa, nenda getini ukaone foleni ya wanaoitaka kazi yangu."

Inspekta alitazama saa yake. Tangi la pili lilikuwa katika jengo la pili. Kama kifo hiki kilitokana na presha, hakuwa na sababu yoyote kisheria ya kulifunga. Alimwacha sajini alinde mlango wa jengo hilo, akamwambia asimruhusu mtu kupita kabla ya daktari aliyepelekewa maiti kupiga simu.

Daktari alipiga saa saba na nusu.

"Majibu ya awali tu. Gesi ya tangini imo mwilini, lakini si ya kuua. Hewa safi ingemzindua. Kafa kwa kukosa pumzi. Mikanda ya barakoa imeacha michubuko, na hiyo ni michubuko ya mtu aliye hai. Ndani ya barakoa kuna unyevu wa pumzi."

"Alivishwa amezimia?"

"Mwenye fahamu angeivua."

Msimamizi alihojiwa ofisini kwake, sajini akiwa ameitwa kutoka tangi la pili. Mwakilishi wa mnunuzi alikuwa amewasili mapema, fomu za ukaguzi mapajani. Inspekta alimwomba abaki.

"Wewe ndiye uliyemtoa tangini?"

"Kwa kamba. Peke yangu."

"Alikuwa anapumua?"

Msimamizi alizitazama funguo zilizokuwa mezani.

"Alikuwa anakoroma."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbilia kabatini."

"Si kwenye simu?"

"Kabatini kwanza, simu baadaye. Watu wa gari la wagonjwa wangemkuta na kitambaa, wangeandika. Hawa wangesoma." Akaonyesha fomu kwa kidevu. "Mara ya mwisho walisema kasoro moja tena, oda inahamia kiwanda kingine. Hapa tuko mia nne, Afande. Mke wangu yumo, yuko kule kwenye kukata."

"Ukakaza mikanda."

"Ili ikae vizuri. Nikajua na hewa safi ataipata humo humo, kwani kazi yake si hiyo? Mara akanyamaza. Nikasema gesi imeshamaliza. Sikujua kuna kitu cha kubandua. Miaka sita nazigawa, hakuna aliyewahi kupumulia hata moja."

Inspekta alimgeukia mwakilishi. "Nyinyi mlijua?"

"Tunauliza kama barakoa zipo. Zipo."

"Na kama zinavaliwa?"

"Fomu haina kipengele hicho."

"Afande," msimamizi aliuliza taratibu, "ningemwacha na kitambaa chake?"

"Angekuwa hai."

Hakusema kwa ukali. Ndivyo ushahidi ulivyosema. Msimamizi alinyoosha mikono mwenyewe, sajini akamfunga pingu.

Mdogo wake marehemu alikuwa mlangoni. Haikujulikana alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Tangi la pili nani anashuka?"

"Limefungwa kwa amri yangu," alisema Inspekta. "Leo hashuki mtu."

"Na kesho?"

Kuhusu kesho Inspekta hakuwa na ushahidi wowote, na hakuwa na desturi ya kubahatisha. Alimtazama mwakilishi, ambaye alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake.

"Umeulizwa wewe," alisema.