Matofali Yasiyomwagiliwa Maji

Siku ya mnada pale Bariadi, Lukresia alimkanyaga mwanamume mguu. Alikuwa amekumbatia mfuko wa unga mweupe, gauni lake la njano limechafuka hadi kiunoni.

"Mwangaluka, mayu. Mguu huo una mwenyewe," akamsalimu yule mwanamume kwa Kisukuma, akicheka. Alikuwa Mhoja, fundi ujenzi, shati jekundu limenyooshwa kwa pasi. "Unga wa ugali?"

"Mabaki ya kabaidi, wanayotupa watu wa gesi ya kuchomelea vyuma. Natengenezea matofali."

"Bila saruji? Unanitania!"

Tangu hapo hawakuachana. Lukresia alimweleza habari za taka za viwandani, na kontena linalofungwa kabisa, na gesi ileile ya kwenye soda inavyoingizwa humo ikayafanya matofali yawe magumu. Ila alisahau kumwambia kwamba gesi hiyo ikijaa ndani inaua. Alisema tu, "Usiingie humo, mpenzi."

Mhoja naye, jamani, akadhani mwenzake anaona haya asije akaona matofali yalivyo makavu. Fundi gani wa Simiyu anafyatua tofali asilimwagilie maji?

Mchana mmoja Lukresia yuko dukani, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kontena, simu ikalia.

"Malkia wangu, nina sapraizi. Nimefungua kontena, nayamwagilia matofali yako. Yana kiu hayo!"

"Mhoja, toka! Toka sasa hivi!"

"Usione aibu, mpe..."

Kishindo. Kisha kimya.

Lukresia hakujua alivukaje barabara. Viatu vilibaki dukani. Mikono ilijua kazi. Alifunga mtungi wa gesi, akafungua milango yote wazi, akabana pumzi, akamshika Mhoja miguu na kumburuta hadi nje. Uso wa Mhoja ulikuwa wa kijivu. Akampulizia hewa mdomoni mbele za watu, tena na tena.

Mhoja akakohoa.

"Mjinga wewe!" Lukresia alipiga kelele, machozi yakimtiririka. "Ungekufa, mimi ningeolewa na nani?"

Majirani waliokuja mbio wakaduwaa. Wawili hao hawakuwahi kutaja ndoa hata siku moja. Lukresia mwenyewe akajiziba mdomo, haamini kilichomtoka.

Mhoja alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Rudia," akasema kwa sauti ya kukwama. "Sikusikia vizuri."

Lukresia akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.