Ufunguo wa Msimamo

Mzazi wa kwanza kwenye foleni alisogea mbele ya mlango wa kioo, akasafisha koo, akasema kwamba mwezi si shamba la mataifa tajiri na hakuna nchi yenye haki ya kuuchimba peke yake. Mlango ukalia kama kengele ya baiskeli, ukafunguka, na yaya wa chuma akamkabidhi mwanawe, kofia kichwani na chupa ya uji mkononi. Mzazi wa pili akasema kila nchi ifunge mipaka yake na ijilishe yenyewe. Kengele. Mtoto. Wa tatu, kijana aliyevaa jezi, akasema timu yake ndiyo timu pekee ya mpira nchini, zilizobaki ni vikundi vya mazoezi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kengele. Mtoto.

Hivyo ndivyo watoto walivyochukuliwa kila jioni katika vituo vya malezi vya Dodoma. Zamani mlango ulitambua sura, baadaye ukatambua alama za vidole, lakini ikaja miigo, zile mashine za kughushi watu, zikaweza kutengeneza sura yoyote, sauti yoyote, mpaka kidole. Watoto wakaanza kuibwa na mama zao wa bandia. Wataalamu wa Ukumbi wakakaa, wakafikiri, wakasema kimebaki kitu kimoja tu ambacho mwigo hauwezi kukiiba: kile mtu anachokiamini, na jinsi sauti yake inavyotetemeka anapokisema. Wakaunda kitambuzi.

Ukumbi ulikuwa mtandao ambamo karibu dunia yote ilizungumza. Kila ulichowahi kusema, iwe kwa maandishi au kupitia kisikio, ule mdude mdogo uliokaa sikioni kutwa, kilihifadhiwa humo. Kwa hiyo kila mtu mzima alitakiwa kuchagua msimamo mmoja anaouamini kuliko mingine yote. Huo ukawa ufunguo wake wa nyumba, wa kazini, wa zahanati. Na wa mtoto.

Nyamizi alisimama katikati ya foleni, kanga begani, maziwa yameshaanza kumlowesha kifuani. Limi alikuwa bado ananyonya. Mchana kutwa Nyamizi alikuwa kazini kwenye karakana ya lafudhi, ambako alizifundisha mashine za Ukumbi kusikia Kinyamwezi na Kisukuma zisije zikadhani watu wanakohoa. Kazi hiyo aliisomea masomo ya jioni, tumbo likiwa limemfika puani, na aliipenda.

Ufunguo wake aliuchagua wakati huo huo wa ujauzito. Shoga yake Sikujua alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Mwenzio nimeweka kwamba pilau haliwekwi njegere," alisema Sikujua. "Hilo sitaligeuka mpaka naingia kaburini. Wewe unaweka siasa! Siasa za dunia zinakuhusu nini, mama?"

"Zinanihusu. Mjomba wangu walimpiga mawe kwa uongo uliosambazwa na watu watatu mtandaoni."

"Basi weka kwamba mjomba wako ni mtu mzuri."

Nyamizi hakusikia. Aliweka hivi: dunia nzima iwe na ukumbi mmoja wa kuzungumzia, ili uongo ukose pa kujificha. Aliliamini jambo hilo kwa moyo wote. Siku ya kulisajili machozi yalimlengalenga, na kitambuzi kikampa alama za juu za unyofu.

Jioni hii zamu yake ilipofika, alilisema kwa mazoea, kama alivyolisema jana na juzi.

Mlango haukulia.

"Subiri kidogo," ilisema sauti ya kitambuzi, taratibu, kama mhudumu wa benki. "Leo mchana, kupitia kisikio chako, umesema maneno yasiyofanana na Nyamizi Maganga. Tunashuku kwamba Nyamizi Maganga ametekwa na mwigo. Kwa usalama wa mtoto, mlango utabaki umefungwa."

Alikumbuka.

Mchana ule alikuwa amezungumza na mama yake aliyeko Kaliua. Hawakuzungumza kupitia Ukumbi. Walitumia kasha la mtaa lililokuwa kwa jirani wa karakana. Makasha hayo yalikuwa madogo tu, kiasi cha redio. Mtu analiweka sebuleni kwake, linaongea na kasha la mtaa wa pili, la pili linaongea na la tatu, hivyo hivyo mpaka mbali, na hakuna tajiri wala serikali inayoyamiliki yote. Mama alimwambia kiwanda cha betri kimemwaga maji yake mtoni, ng'ombe wanaanguka, watoto wanatokwa na vipele. Watu wa huko walikuwa wameyasema hayo Ukumbini tangu mwezi uliopita.

Nyamizi akaenda kuyatafuta. Aliyakuta chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika. Mashine ilikuwa imewasikia vizuri, kila neno, kwa lafudhi ile ile aliyoifundisha yeye. Ilichofanya ni kuwapima. Ukumbini kila jambo lilipewa uzito kulingana na wingi wa watu wanaolijali, na nchi zenye watu wengi Ukumbini ndizo zilizokuwa na mizani. Kaliua ilipimwa ikaonekana nyepesi. Hakuna aliyewaita waongo. Walizamishwa tu, kwa adabu.

Ndipo akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, akasema kwa sauti, kisikio kikiwa sikioni: "Nilikosea. Ukumbi mmoja ni wa mwenye koo kubwa. Afadhali kila mtaa na kasha lake." Kisikio kikanguruma kidogo, kikanyamaza. Alidhani chaji imekwisha.

"Sijatekwa," aliuambia mlango. "Nimebadili mawazo."

"Nyamizi Maganga hana kumbukumbu ya kubadili mawazo."

"Ndiyo ya kwanza hii!"

"Samahani. Nyamizi Maganga hana kumbukumbu ya kubadili mawazo."

Nyuma ya kioo alitokea Mama Ndimbo, mtunzaji pekee wa damu na nyama kituoni pale, Limi yuko mkononi mwake. Mtoto alimwona mama yake, akanyoosha mikono yote miwili, akagonga kioo.

"Mama Ndimbo, mwambie jamani! Si unanijua?"

"Nakujua, Mama Limi. Nakujua toka tumbo lako." Mama Ndimbo alikuwa karibu kulia. "Mlango ndio haukujui. Na mimi ushahidi wangu haupokelewi, walisema binadamu tunahongeka."

"Nifanyeje?"

"Gari la makao ya hifadhi liko nyuma hapo. Watoto wasiochukuliwa linaondoka nao kituo kikifungwa." Akashusha sauti, kana kwamba kioo hakina masikio. "Wakishafika kule ni uchunguzi. Mtoto wa Mama Ombeni yuko huko mpaka leo, mwanangu. Sema unachotakiwa kusema, ila ukiseme vizuri."

Nyamizi alitazama juu ya mlango. Pale palikuwa na ubao wa mwanga, na jioni ile ulikuwa na jambo moja tu. Mataifa makubwa yalikuwa yameandika Mkataba wa Sauti Moja: makasha yote ya mitaa duniani yazimwe, na nchi maskini zitakazosaini zipewe setilaiti bure. Nchi zetu hazikuitwa wakati wa kuandika. Ziliitwa wakati wa kusaini. Wananchi walishirikishwa kwa namna ya kisasa: hakuna karatasi wala sanduku, kila mtu anayesema lolote kuhusu jambo hilo penye kitambuzi, neno lake linahesabiwa. Mkataba ungefungwa jioni ile ile.

Kwa hiyo akitaja ufunguo wake, ameupigia kura. Ameshika kalamu na kumfuta mama yake.

"Dada," alisema mwanamke mnene aliyekuwa nyuma yake, mwenye kitenge cha njano. "Sema tu, tupite. Kwani maneno yanatoka damu?"

Nyamizi akavuta pumzi. "Dunia nzima iwe na ukumbi mmoja wa kuzungumzia," alisema, "ili uongo ukose pa kujificha."

"Unyofu hautoshi," kilijibu kitambuzi.

Akarudia. Hautoshi. Akarudia kwa haraka, ulimi ukajikwaa. Hautoshi. Taa za ndani zikaanza kuzimwa, chumba baada ya chumba, na yaya wa chuma akaja kwa Mama Ndimbo, akafungua mikono yake laini ya mpira kumpokea Limi.

Mama Ndimbo alirudi nyuma hatua moja. Yaya naye akasogea hatua moja. Limi, ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno lolote la maana, alifungua kinywa akalia, "Ma! Ma! Ma!"

Kitu kikakatika ndani ya Nyamizi. Aliuangukia mlango kwa viganja na paji la uso, maziwa yakilowesha kioo, akapiga ukelele: "Dunia nzima iwe na ukumbi mmoja! Ukumbi mmoja, nawaomba! Uongo ukose pa kujificha, ukose kabisa, nawaombeni jamani, nawaomba!"

Kengele.

"Karibu, Nyamizi Maganga. Pole kwa usumbufu. Unyofu wako leo ni wa juu kuliko wote uliowahi kupimwa hapa. Kwa heshima hiyo, sauti yako imepelekwa Ukumbini kama kielelezo cha Mkataba."

Nyamizi alimpokea Limi, akamkumbatia mpaka mtoto akaguna, akaenda kuketi kwenye ukingo wa maua nje ya kituo na kumpa titi. Mtoto alinyonya kwa pupa huku akishikilia kidole cha mama yake asije akaondoka tena.

Juu ya mlango ubao ulikuwa unazungumza. Ilikuwa sauti yake, ikilia, ikiomba. Kisha ikatafsiriwa kwa Kihindi, kwa Kireno, kwa lugha asizozijua, na katika kila lugha mtetemeko ulikuwa ule ule, kwa sababu mtetemeko hauhitaji mkalimani. Watu wa mbali kabisa, waliokuwa hawajaamua, walikuwa wakimsikiliza mama kijana wa Dodoma anavyoupenda Mkataba. Nambari za ubaoni zikapanda huku akizitazama. Hatimaye ubao ukageuka kijani: Mkataba umepita.

Mwanamke wa kitenge cha njano alitoka na mapacha wake, mmoja mgongoni, mmoja kwapani. Akaketi pembeni ya Nyamizi bila kualikwa, akihema.

"Usijiue kwa mawazo," alisema. "Umefanya ambalo mama anafanya."

"Wewe ulisema nini pale mlangoni?"

"Kwamba jeshi la dunia liwepo angani litulinde." Akacheka bila furaha. "Mdogo wangu alikwenda kwenye jeshi hilo. Hata jeneza hawakurudisha. Nililiacha siku hiyo hiyo, moyoni. Ila mdomoni, je? Nimelisema kila jioni tangu hawa hawajaota meno. Nikifika kwenye kutetemeka namfikiria yeye, na mashine inafurahi."

Nyamizi aligeuka, akaitazama foleni iliyobaki. Baba mmoja alikuwa anasogea mbele ya mlango. Alikohoa, akafumba macho kama mtu anayekunywa dawa chungu, akasema alichosema. Kengele. Aliyemfuata naye akafumba macho. Jioni zote Nyamizi alikuwa amewaonea fahari watu hawa kwa jinsi walivyo na imani zao. Hakuwahi kuwatazama macho.

"Makasha watayazima lini?" aliuliza.

"Wataanza kupita nyumba kwa nyumba. Wewe una mtu huko?"

"Mama yangu. Kaliua. Kuna jambo limewapata na hakuna anayelijua."

Mwanamke yule alitoa kisikio chake, akakitumbukiza kwenye chupa ya uji uliobaki wa mwanawe, akafunga kifuniko. Nyamizi naye akatoa chake. Wakakizamisha humo humo.

"Haya, nipe habari," alisema mwanamke. "Nina dada yangu Manyoni, namwona Jumapili. Nitamwambia uso kwa uso, na kama haniamini ataniuliza mpaka aridhike. Lakini uniambie lililotokea tu, usiniongezee chumvi."

Nyamizi alimhamishia Limi titi la pili, akamfunika kichwa kwa kanga, akajivuta karibu na bega la mwenzake. Mzazi mmoja aliyekuwa anapita na mtoto wake akapunguza mwendo, kisha akasimama.

"Mto wetu," alianza Nyamizi, "mwanzoni ulibadilika harufu tu."