Kibao Kilichoanikwa Juani

Kila asubuhi, babu yangu Mrisho alikuwa akitoa betri nne kwenye redio yake, akizipanga juu ya ungo, kisha akauweka ungo juu ya bati la banda la kuku. Nyumbani kwetu Miyuji tuliziita betri hizo mawe ya redio. Jua la Dodoma likishazipasha hadi adhuhuri, babu alizirudisha mahali pake, na redio ilizungumza hadi taarifa ya habari ya jioni.

"Babu, mawe mapya yamejaa dukani," nilimwambia siku moja.

"Yamejaa leo, bibie. Mimi nimeishi miaka ambayo ukiuliza mawe, muuza duka anacheka. Jua halikunicheka hata siku moja."

Ni kweli, maduka ya mjini yalikuwa yamekwisha kufurika tochi, saa na redio za kila rangi kutoka ng'ambo, lakini babu hakuiacha desturi yake.

Wakati huo mimi, Sabiha, nilikuwa darasa la sita. Wageni walikuwa wameipa shule yetu kifaa kimoja cha kusomea vitabu, chembamba kama daftari, kilichobeba vitabu zaidi ya mia mbili. Tulikiita kibao. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alikwenda nacho nyumbani, akakirudisha Jumatatu. Mwalimu Aneth, msimamizi wa maktaba, alikuwa na sharti moja: "Siku kikirudi kimeharibika, hakitatoka tena nje ya lango hili. Kwa mtu yeyote."

Zamu yangu ilipofika, Castory, aliyekuwa anifuate, alinisindikiza hadi langoni. "Sabiha, usije ukakiharibu," alisema. "Naisubiri zamu yangu tangu Pasaka."

Jumamosi yote niliwasomea babu na mdogo wangu Rukaya. Babu alizipenda hadithi za wanyama, akaagiza zirudiwe. Jumapili asubuhi kioo kilionyesha picha ya betri tupu, kikaganda hapo. Nyumba yetu haikuwa na umeme. Nilitazama nje, ungo wa babu ulikuwa tayari juu ya banda. Sikusita. Nilikilaza kibao katikati ya mawe ya redio.

Upepo wa kiangazi ulivuma asubuhi nzima, ukisomba vumbi jekundu. Saa saba nilipokwenda kukichukua, mgongo wake uliniunguza vidole. Nilibonyeza kitufe. Kimya. Nilikifuta kwa kanga, nikakimbia hadi kibanda cha fundi Hanifu, aliyetengeneza redio na kuchaji simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho nacho kinapiga simu?"

"Hapana, mjomba. Ni cha kusomea vitabu."

"Basi leo kimetoroka shule." Alikichomeka kwenye waya wake. Hakuna taa iliyowaka. Alibadilisha waya, kisha akabadilisha chaja. Hakuna kitu. "Umekiangusha?"

"Hapana."

"Kimeingia maji?"

"Hapana."

Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na yote mawili yalinisaidia kuuficha ukweli. Fundi alitikisa kichwa. "Betri imekufa. Ngoja nikifungue." Alichukua kisu chembamba, akakiingiza kwenye ukingo wa kibao. Nilimkumbuka Castory langoni.

"Mjomba, subiri! Nilikianika juani. Pamoja na mawe ya babu."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake aliangua kicheko. "Kama mboga ya mlenda! Uliugeuza na upande wa pili?"

Fundi hakucheka. Alikiweka kisu chini taratibu. "Ungeniambia tangu mwanzo. Mawe ya babu yako hayafanani na betri hii. Hii joto ni adui yake. Haifai kuchajiwa ikiwa ya moto, na ningeitoboa kwa kisu, ingeweza kutuunguza sote hapa."

Alikiweka kibao kivulini, nyuma ya mtungi wa maji. Kilipopoa, alimulika kwa tochi tundu la kuchajia. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Alilisafisha kwa mswaki mkavu na njiti ya kiberiti aliyoichonga. "Usitumie sindano kamwe," alinionya, kisha akachomeka waya. Taa haikuwaka.

"Mbona bado, mjomba?"

"Betri iliyoishiwa kabisa ni kama mtu aliyezimia. Ukimwita mara moja hainuki. Kaa."

Nilikaa. Adhana ya alasiri ilisikika, ikaisha. Ndipo nukta ndogo ya manjano ilipowaka ukingoni mwa kibao. Baadaye fundi alibana kitufe huku akihesabu hadi thelathini. Kioo kikapepesa, na ukurasa niliouacha ukarudi.

"Malipo yangu ni haya," alisema. "Kesho mweleze mwalimu wako kila kitu. Betri iliyopikwa na jua huenda ikaisha mapema. Usiposema, atakayefuata atalaumiwa kwa kosa lako."

Jumatatu nilisimama mbele ya Mwalimu Aneth, Castory akiwa mlangoni. Nilieleza yote, hata ungo na banda la kuku. Mwalimu alikipokea kibao. Castory alitazama viatu vyake.

"Sharti langu mnalikumbuka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alikiwasha kibao, akafungua kurasa mbili tatu. "Nilisema kikirudi kimeharibika. Hiki kimerudi kizima, na kimerudi na habari zake zote. Kosa lililosemwa hupata fundi, wanangu. Lililofichwa humwangukia asiyehusika. Nami nina langu: niliwapa kibao bila kuwafundisha kukitunza. Leteni karatasi tuandike."

"Mwalimu, kwetu kitalala kivulini," Castory alidakia. "Juani tunaanika mlenda tu."

Jioni nilimsimulia babu. Alinisikiliza huku akiipunguza sauti redio yake. Kesho yake asubuhi ungo ulitoka kama kawaida, nami nikamwuliza babu mbona bado anaanika mawe yake.

Miaka imepita. Banda la kuku limebomolewa, na redio ile haizungumzi tena. Lakini kila ninaposhika chombo kipya nisichokijua, nalikumbuka jibu alilonipa babu asubuhi ile, akiyapanga mawe yake manne moja baada ya jingine: "Ya kwangu nayajua, bibie. Ya kwako, uliza kwanza."