Nguzo Iliyosogea Bunju

Nguzo ya zege haitembei. Sasa mashine ikikwambia kwamba nguzo uliyoiona ikimwagwa kwa macho yako imesogea sentimita nne tangu jana, utafanyaje? Tusajigwe alifanya alivyofundishwa kazini. Alibonyeza Kubali, akaendelea na chai yake.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili huko Bunju, ndani kabisa ukiiacha barabara ya Bagamoyo. Nguzo ilisimama uani, urefu wa kiunoni, na juu yake antena nyeupe. Antena ile inasikiliza setilaiti, na kwa kuwa inajua imesimama wapi, setilaiti zikikosea kidogo inazishika. Masahihisho yanarushwa mpaka bonde la Ruvu, kwenye matrekta ambayo usukani wake unajizungusha wenyewe. Kazi ya Tusajigwe ni kukodolea skrini macho kutwa nzima, nukta ibaki kijani. Ikiwa nyekundu, usukani kule unaachia ghafla.

Na mmoja wa madereva wa kule alikuwa Benedikto, mumewe, aliyekuwa akilima ukingoni mwa mfereji mkubwa wa maji. Tusajigwe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ndiyo maana nyekundu ilimtia kiwewe. Ikiwaka tu, mbio anabonyeza Kubali, anaipokea ile nafasi mpya ya nguzo, kijani kinarudi. Ilikuwa hivyo kila siku saa sita na dakika kumi, jua la utosi. Sentimita nne, kisha nusu mita, kisha mita mbili, kisha tano.

Siku ya nne ikaja harufu. Udongo mbichi uliochimbuliwa, na udi ndani yake.

"Bi Somoe, nani anachoma udi?"

Bi Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa akiwapikia, Mzaramo wa hapohapo Bunju, aliingia na mwiko mkononi. Akanusa. Uso ukamshuka.

"Mwanangu, hapa hakuna anayechoma kitu."

Tusajigwe alikuwa amefungua ramani ya nukta, zile nafasi zote alizozikubali tangu Jumatatu. Zilikuwa zimejipanga mstari mmoja kutoka uani. Zimepita ukutani. Ya mwisho ilikuwa chini ya kiti alichokalia.

Aliruka kama kaungua.

"Sogea huku," Bi Somoe alinong'ona, akamvuta mkono mpaka mlangoni. "Walipochimba msingi wa ile nguzo walitoa chungu. Fingo lile, dawa ya kufukiwa. Babu zake Mwishehe, mganga wa hapa jirani, walilizika pale kumfunga mtu asitoke. Bosi wako kalitupa chooni, nimemwona mie. Na wewe, hebu niambie, unabonyezaga nini hapo kila mchana?"

"Kubali."

"Yarabi! Mwenzio anabisha hodi, wewe unamkaribisha!"

Tusajigwe akampigia bosi, Elibariki. Mtu jeuri yule, kiburi kimejaa mpaka kwenye nyusi. "Ishu ni antena," alifoka. "Msiniletee uswahili wenu kwenye kazi ya sayansi. Na ole wako uzime kituo!" Akakata.

Kuzima alizima. Kwanza alimwandikia mumewe asimamishe trekta, akasubiri mpaka ujumbe ukarudi: kaegesha, yuko chini anakula. Ndipo akachomoa umeme. Bi Somoe alikwisha kwenda kumleta Mwishehe.

Alikuja mzee mkavu, kanzu imepauka, kanuna. Tusajigwe alimwamkia shikamoo, asiitikie.

"Nilimwambia huyo bosi wenu pale pasiguswe. Akaniita mchawi mbele za watu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya hicho kilichomo tumboni mwako. Nyie wengine mngekufa tu, nisingetoka kwangu."

Akawasha ubani, akaweka chungu kipya chini ya nguzo, akaikata waya ya antena kwa panga, akaanza kusoma, na aliposoma ule udongo uani ukaanza kupumua, unapanda na kushuka taratibu, na ndani ya zege kukasikika kucha zikikwaruza, kwanza chini, kisha katikati, kisha juu karibu na antena, huku kuku wa jirani wote wamenyamaza mchana kweupe na Bi Somoe kamng'ang'ania Tusajigwe kiunoni, na mzee sauti inamkauka lakini hasiti, jasho linamtiririka mpaka ndevuni, hadi antena ikapasuka vipande viwili na kitu kisichoonekana kikapita katikati yao, kizito, cha baridi, kikielekea angani.

Kisha kimya. Harufu ikaisha.

"Katoka hapa kwenu," Mwishehe alisema, akaketi chini, hoi. Tusajigwe alilia kwa furaha, akamkumbatia Bi Somoe, mpaka alipomwona mzee bado anaangalia juu.

"Kaenda wapi, babu?"

"Kashika njia anayoijua. Hii mashine yenu ilikuwa inapeleka maneno wapi?"

Tusajigwe aliirukia simu, akampigia mumewe. Benedikto alipokea, nyuma yake injini inanguruma.

"Bene! Si ulisema umeegesha?"

"Kijani kimerudi, mke wangu, nimeendelea. Na leo mstari umenyooka, sijapata kuona."

"Sisi tumezima! Hakuna kinachotoka huku, Bene, waya imekatwa! Shika usukani, kata kulia, uache mfereji!"

Injini ikanguruma, ikanguruma. Benedikto alipojibu, alikuwa ananong'ona, sauti imekuwa ya mtoto.

"Haukubali. Kuna mwanamke kaushika."

"Ruka! Bene, nakuomba, ruka!"

"Kanikalia mapajani. Mzito, Tusa, siwezi hata kujigeuza." Alivuta pumzi kwa shida. "Anasema nisimwogope. Anasema kaja kwa ruhusa yako."

Tusajigwe alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kwenye simu injini ilikohoa mara mbili, kisha ikaanza kumeza maji.