Maji ya Pangoni

Nyumba yao ilipotarajia wageni, kila mtu alikuwa na kazi. Baba alikagua kamba sebuleni, fundo kwa fundo. Mama alifunga vyakula vya safari. Binti yao, ambaye kwa wingi wa maneno yake watu walimbandika jina la Chiriku, alijaza madumu ya maji na kumpakia punda.

Baba alikuwa mwongozaji. Aliwapitisha watu katika korongo la jangwani, wakiingilia juu na kutokea upande wa pili, chini kabisa. Wakishashuka ukuta wa kwanza kwa kamba, hawawezi kurudi walikotoka. Maji ya safari nzima hayabebeki, kwa hiyo siku moja kabla hupelekwa pangoni, katikati ya korongo, kwa kijia cha pembeni. Tangu kaka yake aende kufanya kazi mjini, kazi hiyo ilikuwa ya Chiriku, naye alijivunia kweli kweli.

Siku hiyo jua lilikuwa kali ajabu. Kijia kilipoanza kuteremka, punda aligoma. Chiriku alimvuta, akambembeleza, akamtukana, wapi! Mwisho akashusha madumu, akayaficha nyuma ya mwamba huko huko juu. Loo, mtoto huyu! Aliyeko pangoni angejuaje kwamba maji yako juu ya kichwa chake?

"Maji umefikisha?" Baba alimuuliza aliporudi.

"Nimefikisha."

"Pangoni?"

"Pangoni, Baba."

Asubuhi wageni waliondoka na Baba: muuguzi mstaafu na mumewe. Mbwa mzee wa kina Chiriku, Kivuli, akafuata kama kawaida yake; ukutani Baba humteremsha mgongoni. Chiriku alitaka kusema, lakini aliona aibu mbele ya wageni. Mwenye maneno mengi akakosa neno moja.

Mchana Mama alitazama nje akaguna. "Jua gani hili! Afadhali maji yako pangoni."

Chiriku akaangua kilio. "Hayapo, Mama! Nimeyaacha juu, kwenye mwamba."

Mama hakugombeza. Alijifunga kanga kiunoni, akamshika mkono, wakaenda mbio. Kwenye mwamba kila mmoja alibeba dumu, wakateremka wakiteleza na kuchubuka magoti.

Waliwakuta kivulini mwa pango. Muuguzi alikuwa akimpepea mumewe kwa kofia. Baba, midomo imempasuka, alikuwa amepakata kichwa cha Kivuli.

"Kupanda kijia kwenye jua hili bila maji ni kujiua," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nikaona tungoje jioni. Maji yangu niliwapa wageni. Tone la mwisho nikampa huyu kiganjani. Halikutosha."

Baba na wageni walikunywa kidogo kidogo, kama muuguzi alivyoelekeza, na mumewe akapata nguvu ya kukaa. Kivuli hakuinuka tena. Chiriku alimkumbatia, akamwita, akamtikisa.

"Ni mimi," alisema hatimaye, akiwageukia wageni. "Punda alinishinda, nikayaacha juu, nikadanganya. Nisameheni."

Mgeni mwanamume alifumba macho. Muuguzi alinyoosha mkono, akamfuta machozi.

Jua lilipopoa walimfukia Kivuli kwa mawe, maana ardhi ya pale haichimbiki. Chiriku alibeba mawe mengi kuliko wote, asitake kusaidiwa.

"Punda yule hata mimi hunishinda," Baba alisema. "Ungeniambia, ningeyateremsha mwenyewe jioni ile ile. Kushindwa si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema umeweza. Watu huingia humu wakiwa wameukabidhi uhai wao kwa neno letu. Ukisema maji yapo, lazima yawepo. Yasipokuwepo, sema, hata kama unaona aibu. Aibu hupita. Umeona kisichopita."

"Nimeona, Baba."

Walianza kupanda kijia polepole, wageni mbele na Mama. Chiriku alimsogelea baba yake.

"Utanituma tena?"

"Nitakutuma."

Moyo wake ukatulia kidogo.

"Ila kwa sasa," Baba aliongeza taratibu, bila hasira yoyote, "ukisema umefikisha, nitakwenda kuangalia."

Chiriku aliinamisha kichwa, akalia. Angechapwa, asingelia vile.