Uzi Shingoni mwa Pisana

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kumlisha paka wetu Pisana, na kumwangalia mdogo wangu Boyan, wa miaka miwili, mpaka Bibi amalize kukamua mbuzi. Mama huwa ameshaondoka kwenda kazini mjini Troyan, kwenye kiwanda cha mikate.

Siku ile ilikuwa tarehe mosi Machi, siku ambayo kwetu watu hufungana mikononi nyuzi nyekundu na nyeupe ili mwaka uwe wa afya. Bibi hufunga hata wanambuzi na mti wa plamu. Paka hamfungi, na alishanikanya. Mimi, kwa ujuaji wangu, niliona ni ubahili tu.

Basi nilikuwa nimesokota uzi mrefu wenye vishada viwili. Bibi alipokwenda zizini, nikamfunga Pisana shingoni. Alipendeza kweli. Kisha nikatoka mbio hadi langoni kubadilishana nyuzi na rafiki yangu Galina, tukapiga soga kidogo. Mtoto na paka niliwaacha peke yao sakafuni.

Nikasikia Boyan analia. Nilimkuta na mistari mitatu ya damu shavuni, chini kidogo ya jicho, na mkononi ameshika kishada kimoja. Pisana alikuwa chini ya kitanda, shingo tupu. Nilielewa papo hapo: mtoto aliuvuta uzi, paka akakabwa, akajitetea kwa kucha. Kishada nikakitia mfukoni.

Bibi alikuja, akaliosha jeraha kwa maji na sabuni, akauliza kulikoni. Nikasema paka amemrukia mtoto.

"Bila sababu?"

"Bila sababu, Bibi."

Pisana akafungiwa kwenye banda la kuni. Jioni Mama akaamua kwamba Jumamosi paka atapelekwa akaishi kwa watu wa kinu cha kusaga unga. Nilikula kimya, nikiwaacha wamlaumu. Naona haya hata leo ninapoyaandika haya.

Siku ya pili Pisana hakugusa chakula. Siku ya tatu alikuwa anatapika, amejikunja nyuma ya magogo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ule uzi wenyewe sikuuona tena popote. Nikamwendea Bibi jikoni, nikakiweka kishada mezani.

"Nilimfunga mimi," nikasema. "Boyan akauvuta. Nadhani uliobaki Pisana ameumeza."

Bibi hakunigombeza. Alivaa koti, tukambeba paka kwenye kikapu hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari alilazimika kumpasua tumbo, kwa kuwa uzi ulikuwa umeshaanza kuukata utumbo. Alituambia kwamba paka angeletwa siku ile ile alipoumeza uzi, huenda angeutoa bila kisu.

Pisana alipona, na habari ya kumpeleka kinuni ikafutwa. Lakini alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na kwa wiki nyingi kila alipouona mkono wangu alirudi nyuma. Bibi alipigilia rafu juu ya kabati, mahali ambapo Boyan hafiki, ili paka apate pa kukimbilia. Naye Boyan tukamfundisha kumpapasa kwa kiganja kilichofunguka, mmoja wetu akiwa ameketi karibu.

Siku moja nilimuuliza Bibi kama nimesamehewa.

"Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu. Paka simsemei," alijibu. "Ila sikiliza. Boyan ni mdogo, hajui kwamba uzi unakaba. Pisana alijua, lakini hana mdomo wa kusema. Mwenye akili na mdomo alikuwa ni wewe. Ukaondoka walipokuhitaji, na uliporudi ukanyamaza."

Nilikwenda nikaketi sakafuni kati ya Boyan na Pisana, nikakaa hapo mpaka Mama aliporudi.